Ubovu wa Koplo

Nimekuwa fundi wa magari makubwa tangu ndevu hazijaota, na nimeshaombwa kila aina ya maajabu. Nimeombwa nitibu lori kwa simu, mwenye gari akinisogezea simu kwenye injini nisikilize, mtandao nao unakatika. Yupo aliyenivutia gari lisilo na betri akataka kujua kwa nini haliwaki. Lakini hakuna aliyewahi kuja gerejini kwangu Mandewa asubuhi na mapema, kuku mkononi, akaniambia nimrudishie ubovu niliouondoa. Wa kwanza alikuwa Loyce, mjane wa Enock, na naomba awe wa mwisho.

"Shemeji Manase," alisema tulipomaliza salamu, akamlaza kuku chini na miguu yake imefungwa. "Umeiharibu ile gari."

"Gari gani?"

"Unaijua."

Niliijua. Enock alikuwa dereva wa jeshi. Alistaafu na cheo chake cha koplo, na kikosi kilipopiga mnada malori ya zamani, yeye akaenda akanunua lile lile alilokuwa akiliendesha. Watu walimcheka sana. Lori la pua ndefu, magurudumu yote yanavuta, limepakwa kijani cha jeshi ambacho hata ukipaka bluu juu yake, baada ya masika kinachungulia tena. Akaliita Koplo. Alisema wote wawili wametumikia kwa utii na wote wawili wamesahauliwa kupandishwa cheo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtibu Koplo tangu siku ya kwanza, na kwa hilo mimi na Enock tukawa kama ndugu. Malori haya ya jeshi siyo kama magari ya siku hizi, ambayo taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi mtu anachanganyikiwa. Haya hayakwambii kitu. Unayasikiliza, unayanusa, unaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu kuona kama kuna joto. Spea zake huzipati duka lolote la Singida. Dawa ni kununua lori jingine la aina hiyo lililokufa, ukaliegesha nyuma ya gereji, ukawa unalila taratibu, leo pampu, kesho ekseli. Tulikuwa nalo la namna hiyo. Enock alikuja kila Jumamosi akakaa juu ya tairi bovu, nami nikiwa chini ya gari tukibishana mpaka jua linazama. Alikuwa mbishi kupita kiasi. Nammiss, kama vijana wanavyosema, na sijui neno jingine linalotosha.

Enock alifariki msimu wa kuvuna alizeti, na mwaka uliofuata Loyce akaliuza lori kwa Mzee Ignas wa Ihanja, anayesomba alizeti kuleta kwenye mashine za kukamulia mafuta hapa mjini. Gari likaendelea kuja kwangu. Na mwezi ule Loyce alipokuja na kuku, nilikuwa nimelifanyia kazi ambayo, naomba niseme bila aibu, niliona fahari nayo. Nilichomelea ekzosi iliyokuwa imetoboka. Nilibadilisha vali ya breki za upepo iliyokuwa inavuja. Nilifungua giaboksi nzima. Nilikaza springi, nikabadilisha raba za bodi, nikalitoa linateleza kama gari la harusi. Mzee Ignas alinipa mkono mara mbili.

Sasa huyu mama anasema nimeliharibu.

"Shemeji, ile gari haijawahi kuwa nzima namna ile tangu itoke jeshini," nilimwambia.

"Ndiyo nasema hivyo hivyo. Rudisha ilivyokuwa."

"Mimi fundi. Kazi yangu kutengeneza. Kuharibu kuna wenyewe, wanaitwa madereva."

Hakucheka. Loyce ni mzee wa kanisa pale Mwankoko, mwanamke wa kitambaa kilichofungwa vizuri na maneno machache. Alikaa juu ya lile lile tairi bovu, bila kujua lilikuwa la nani, na mimi nikashindwa kumwambia ahame.

"Nikueleze," alisema. "Enock alipokuwa anarudi na mzigo, nilikuwa namsikia akiwa bado kule kalavatini. Kabla hajaonekana. Nikimsikia tu, nabandika maji ya kuoga. Akishapanda ule mlima, akaegesha, akafunga turubai, maji yanakuwa tayari. Miaka yote hiyo hakuwahi kuoga maji ya baridi nyumbani kwangu."

"Najua. Alikuwa anajisifu nayo hapa."

"Basi alipokufa, ile gari ikawa inapita bado, na madereva wa Ignas. Jioni naisikia kalavatini. Naenda nabandika maji." Alinitazama usoni kuona kama nitamwonea huruma, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimejiinamia nafuta spana. "Sijachanganyikiwa, shemeji. Najua nimemzika. Lakini mkono unabandika wenyewe, na kuanzia pale kalavatini mpaka gari ipite langoni, Enock anakuja. Ni kidogo tu. Gari ikishapita nanyanyua sufuria, nakogea mimi. Kuna mtu wa Manyoni aliitaka ile gari, tena alikuwa na dau zuri. Nikamnyima. Nikampa Ignas kwa sababu njia yake inapita kwangu."

Nikaendelea kufuta spana ile ile.

"Sasa tangu uitengeneze," akaendelea, "inapita kama gari ya mtu. Nashtukia imeshavuka. Juzi nimekaa jikoni mpaka giza limeingia, moto unawaka bure, nasubiri kuisikia, kumbe ilishapita zamani. Nililia, shemeji. Kwenye mazishi sikulia hivyo."

Aliacha yule kuku akaondoka. Nilibaki nimesimama na spana, na hasira zangu zote za ufundi zimeniisha. Kwa kawaida mteja akija kunilaumu napanda juu kama maziwa yanayochemka, lakini huyu alikuwa haniambii nimekosea. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, kusikia gari likija, na mimi ndiye niliyekuwa nimekiziba.

Shida ikawa, kipi? Nilirekebisha vitu vingi kwa mkupuo. Kutafuta ubovu kwenye gari bovu ni kazi ninayoiweza nikiwa usingizini. Kutafuta ubovu kwenye gari zima, hiyo sikuwahi kufundishwa na mtu.

Nilianza na ekzosi, kama ambavyo fundi yeyote angeanza. Kelele ya lori iko kwenye ekzosi. Moses, dereva wa Mzee Ignas, alipoleta gari kupaka grisi, nililegeza maungio ya ekzosi kidogo, likaanza kubweka vizuri tu. Moses akaniuliza ndiyo ufundi gani huo. Nikamwambia aendeshe, maswali apelekee trafiki. Jioni Loyce akanipigia simu.

"Siyo hiyo," alisema. "Hiyo trekta. Imewaamsha watoto wa jirani."

Nikakaza ekzosi. Nikafikiria vali ya breki. Ile ya zamani ilikuwa ikivuja, na kila dereva akiachia breki ilitoa mluzi mrefu, mluzi ambao hata mimi nilikuwa naujua. Nilishawishika kabisa kwamba ndiyo wenyewe. Lakini breki sichezei. Mtu anashuka na tani za alizeti nyuma yake, wewe umempunguzia upepo ili mjane asikie mluzi, hapana. Nilimwomba Loyce aje gerejini. Nikaitoa vali kwenye sanduku la vyuma chakavu, nikaifunga kwenye mpira wa kompresa ya kujazia matairi, nikaifungulia upepo. Ikapiga mluzi ule ule.

Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. Kisha akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Hii naijua. Hii ni ya kufika. Ameshasimama langoni, anaachia breki. Hii nilikuwa naisikia nikiwa nimeshajua zamani kwamba ni yeye." Akatikisa kichwa. "Mimi nasema ile ya kuja."

"Basi niigizie."

"Nini?"

"Hiyo sauti. Itoe kwa mdomo. Watu wote wananiigizia hapa. Juzi kaja mchungaji mzima akanililia kama difu mbovu."

Aliona haya. Alitazama barabarani, akatazama kama Antipasi wa duka la mafuta ya vilainishi jirani anatuona. Antipasi alikuwa anatuona, nikamfokea ageuke. Ndipo Loyce alipogeukia ukuta, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akaanza kunguruma taratibu, kutoka kifuani.

Alinguruma kama gari lililobeba, likishuka. Kisha likaanza kupanda na sauti ikawa inazama, inachoka. Halafu akanyamaza. Kimya kifupi, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha "uuum!" moja, nyepesi, ya juu, isiyobeba kitu. Kimya tena. Halafu mngurumo ukarudi, mzito, umeshapata nguvu, unapanda.

Nywele zilinisimama. Hakuwa anaiga gari. Alikuwa anaiga mguu wa Enock.

Nieleze kidogo. Giaboksi ya Koplo, tangu siku iliyotoka mnadani, ilikuwa na ugonjwa kwenye gia namba mbili. Ringi zake zilikuwa zimelika. Ukitoka namba tatu kwenda mbili, hukuweza kuisukuma tu ikaingia. Ilikubidi ukanyage klachi, utoe gia, uachie klachi, upige resi kidogo gari likiwa halina gia, ukanyage klachi tena, ndipo uiweke. Ukiruka hatua moja, giaboksi inasaga meno mpaka wapita njia wanakugeukia. Ile "uuum" ya katikati ndiyo hiyo resi. Na njia ya Ihanja ina mahali pamoja tu pa kufanya hivyo, pale gari likishatoka kalavatini linapoanza kupanda kuelekea kwa Loyce. Nilimwambia Enock mara nyingi tuifungue, akakataa. "Mwache," alikuwa akisema, "ananikumbusha kutokuwa na haraka."

Enock akafa, lakini ugonjwa ukabaki, na kila dereva aliyeshika usukani baada yake, apende asipende, alilazimika kukanyaga kama Enock. Hata Moses, asiyesikiliza mtu. Ile giaboksi ilikuwa ikiwafundisha wote mwendo wa marehemu. Kisha mimi, Fundi Manase wa Mandewa, nikatoa ringi nzima kwenye lile lori lililokufa, nikazifunga, na gia namba mbili ikawa inaingia kama kisu kwenye siagi. Hakuna tena kimya, hakuna "uuum". Nilikuwa nimemzika Enock mara ya pili na nikapewa mkono kwa kazi nzuri.

Nilimweleza Loyce kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo haikuwa gari," alisema. "Ilikuwa yeye."

"Ilikuwa yeye."

Akajifuta macho kwa ile kanga, akaniuliza kama inaweza kufanyika hata gari likiwa zima. Nikamwambia inaweza, gari halikatai, ni dereva tu kutaka.

Dereva hakutaka. "Fundi, shikamoo yako nimekupa," Moses aliniambia, "lakini gia inaingia yenyewe, nianze kuhangaika na klachi kwa ajili gani?" Nilimweleza kwa ajili gani. Hapo akatulia, kwa maana siyo kijana mbaya, ni mjuaji tu. Akaahidi. Jioni ile akapita kalavatini akapiga resi kama anayetimua ng'ombe, halafu kwa kutaka kumfurahisha mama wa watu, akamalizia na honi. Loyce hakunipigia hata simu. Nilipompigia mimi, alisema tu, "Mwambie kijana asante, asijisumbue."

Niliijua sauti ile ya mtu anayekata tamaa kwa adabu. Iliniuma kuliko angenitukana.

Jumamosi nilifunga gereji mchana. Nikapanda gari la abiria mpaka Ihanja, nikamkuta Koplo amepakiwa magunia ya alizeti mpaka juu ya bodi, nikamwambia Moses asogee upande wa pili. Mzee Ignas aliuliza kuna nini. Nikamwambia nalijaribu gari likiwa na mzigo, na haikuwa uongo.

Sikuwa nimemwendesha Koplo na mzigo tangu Enock yuko hai. Usukani wake ni mpana kama sinia la pilau, na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja, alipokuwa akiegemea. Mwili wangu ukaingia kwenye lile bonde lake. Upepo wa Singida, ambao haujui kupumzika, ulikuwa unaingia kwenye dirisha lisilofunga, mawe makubwa yamelala mashambani kama kawaida yake, na mashina ya alizeti yaliyokwisha kukatwa yalikuwa yamekauka kila upande. Njia nzima nilikuwa nikifikiria jinsi alivyokuwa akinibishia kuhusu kila kitu, na jinsi ambavyo sasa Jumamosi zangu ni ndefu na hakuna mtu wa kunibishia. Nilitamani yule mtu awe pale pale, kwenye kiti chake. Moses alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika kalavatini. Tukashuka, tukavuka, Koplo akaanza kupanda. Nikaiacha namba tatu ichoke kama ilivyokuwa ikichoka zamani, mpaka Moses akaanza kushika dashibodi. Kisha nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaachia. Kimya. Gari lilikuwa linaelea peke yake na uzito wake wote. Nikagusa mafuta kidogo tu, uuum, siyo kwa nguvu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Nikakanyaga tena, nikaweka mbili. Ikaingia. Koplo akapata nguvu akapanda.

"Ahaa," alisema Moses polepole. "Kumbe ni ndogo hivyo."

Nilipita langoni bila kusimama, kwa maana niliona aibu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Loyce. Nilikwenda kuegesha mbele kwenye tambarare, nikamwachia Moses usukani aende zake mjini na mzigo wa watu. Mimi nikarudi kwa miguu. Nilitaka kusikia kutoka kinywani mwake kama ndiyo yenyewe au siyo, na kama siyo, basi nivue ufundi.

Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikaingia uani. Pembeni ya bafu la mabati kulikuwa na ndoo ya maji inafuka moshi, kipande cha sabuni juu ya jiwe, taulo limekunjwa. Na chini, zimepangwa sawasawa, pua zikielekea bafuni, kulikuwa na ndala za kiume. Ya kushoto ilikuwa imelika mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, pale unyayo unapokandamiza klachi. Enock alikuwa akiendesha na ndala, nilimgombeza maisha yake yote.

Loyce alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko, mikono kifuani. Alikuwa analia na uso wake umetulia.

"Nimeziweka kabla sijafikiri," alisema. "Zilikuwa uvunguni. Tangu afe sijawahi kuzitoa, hata siku moja. Leo nimesikia, nikazitoa."

"Ndiyo yenyewe, basi."

"Ndiyo yenyewe." Akavuta pumzi. "Sauti ilinifikia mpaka mlangoni, shemeji. Nilisikia nikasema, leo kachelewa."

Nilizitazama zile ndala. Nilitamani Enock atokee nyuma ya bafu, anicheke, aniambie gia nimeiweka mapema mno.

"Moses ameona," nilisema mwisho. "Ataifanya. Nitamsimamia."

"Asipige honi tu. Enock hakuwahi kupiga honi akija hapa. Alijua namsikia." Kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo, kwa ile sauti ya mwenye nyumba ambayo sikuweza kuibishia. "Oga basi. Umejaa vumbi, na maji yanapoa."

Sikuweza kuoga maji yale. Niliinama nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikanawa uso, grisi na vumbi vikaanza kutiririka chini kwenye ardhi. Kabla hayajazifikia, nilizinyanyua zile ndala nikaziweka juu ya jiwe, zisilowe.